Je, Wajua? Kwa Nini King'ora cha Wezi Hulia Saa Tisa Alasiri Duka Likiwa Tupu

Oktoba mjini Tabora, duka limefungwa, bati limepigwa jua tangu asubuhi, ndani hakuna mtu, na king'ora kinalia. Jirani anakuja kukagua kufuli, anakuta mambo shwari. Maelezo yatakayotolewa barazani karibu kila mara ni haya: ile sensa nyeupe ya kwenye kona (kile kifaa kinachohisi mwendo) hupiga mionzi, ikisikia joto inaita, na leo joto limezidi. Maelezo hayo yana makosa mawili, na la pili ndilo huwafanya watu wengi wafunge sensa mahali pasipofaa.

La kwanza halina mjadala mrefu. Sensa ya kawaida ya mwendo haipigi mionzi yoyote, inapokea tu. Kila kitu chenye uvuguvugu hutoa mwanga usioonekana kwa macho, yaani infraredi, na ngozi ya mtu yenye nyuzi 34 hivi hutoa kwa wingi zaidi ule wenye urefu wa wimbi wa karibu maikromita 9.4. Ile plastiki nyeupe yenye vijichoro ni polithini nyembamba isiyofika milimita 1, na vijichoro vyake ni lenzi nyingi ndogo. Polithini hupitisha mwanga huo. Kioo cha dirisha hakipitishi, ndiyo maana sensa iliyofungwa ndani haimwoni mpita njia aliye upande wa pili wa kioo. Na ukiipaka plastiki hiyo rangi ili ifanane na ukuta, umeipofua kwa mkono wako.

Kosa la pili ni kudhani kwamba sensa hupima joto. Haipimi. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 22 asubuhi hadi 38 alasiri, chenyewe bila kitu kupita, sensa iliyo nzima hunyamaza kimya. Nyuma ya plastiki kuna kipande kidogo cha chuma chenye kidirisha, na ndani yake vipande viwili vya fuwele vilivyounganishwa kinyume: umeme wa kimoja hutolewa kwenye umeme wa mwenzake. Chukua mizani ya vikapu viwili, ile ya kusawazisha kwa mawe. Ukiongeza uzito uleule pande zote mbili kwa pamoja, mkono hautikisiki, hata uongeze gunia zima. Ndivyo joto la mchana linavyoingia: linaelemea vikapu vyote viwili sawasawa. Mtu akikatiza, lenzi humtupia kwanza kwenye kikapu cha kushoto, kisha cha kulia. Mkono unainama huku, halafu kule. Huko kuinama mara mbili, kwa kasi ya mtu anayetembea, ndiko kunakosubiriwa na sakiti.

Mizani hii ina kituko kimoja ambacho ya sokoni haina: vikapu vinavuja. Chaji ya fuwele hupotea baada ya muda mfupi tu, kwa hiyo uzito ukikaa upande mmoja bila kusogea, mkono hurudi katikati wenyewe. Mtu aliyesimama tuli kabisa mbele ya sensa hayupo. Na anayeijia moja kwa moja, uso kwa uso, hukatiza vipande vichache mno vya lenzi, hivyo huonekana kwa shida kuliko anayepita kwa ubavu. Ukiitazamisha sensa mlangoni kwa madai kwamba "mwizi ataingilia pale," umempa njia nzuri kuliko zote. Ifunge kwenye ukuta wa pembeni au kona, kimo cha mita 2.1 hadi 2.4, ili anayeingia alazimike kuikatiza.

Sasa turudi alasiri. Sensa inahitaji tofauti kati ya mtu na ukuta ulio nyuma yake. Saa tisa usiku ukuta una nyuzi 20 na kitu, mtu anang'aa. Saa tisa alasiri, chini ya bati lisilo na dari, ukuta unaweza kufika nyuzi 33 au 34, na mtu anayeyukia ukutani. La ajabu ni kwamba ukuta ukizidi hapo, ukafika 40, mtu huonekana tena, safari hii kama kitu cha baridi kinachopita. Upofu uko katikati tu, pale joto la ukuta na la ngozi vinapokutana, na Tabora ya Oktoba ina tabia ya kukaa hapo hapo kwa saa kadhaa.

Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo sakiti nyingi hujiongezea ukali kadiri joto linavyopanda. Zilizotengenezwa vizuri hupandisha ukali hadi kiwango cha mwili kisha huushusha. Za bei ya chini hupandisha tu. Na hapa ndipo king'ora cha alasiri kinapozaliwa. Sensa imejinoa ili imwone mtu aliyefifia, na kwa kujinoa huko inaona sasa pazia linalopepea mbele ya ukuta wenye moto, hewa ya joto inayosukumwa na upepo kupitia tundu la bati, au doa la jua sakafuni linalowaka na kuzimika wingu linapopita. Joto lenyewe halijaita king'ora. Kilichokiita ni kitu kidogo kilichosogea wakati sensa imeongeza ukali kwa ajili ya joto. Hali hiyohiyo huifanya iwe nyepesi kushtushwa na pazia na nzito kumwona mtu, jambo ambalo mwenye duka aliyechoshwa na kelele hawezi kulishuku.

Tiba ya haraka ya mafundi wengi ni kupunguza ukali kwa bisibisi. Kelele huisha, na alasiri sensa haimwoni mtu hata aliye mita 4. Anza kwanza na mengine. Ziba kwa silikoni tundu la waya nyuma ya sensa: upepo unaopita ndani ya ukuta huingia hapo, na mjusi na sisimizi vilevile. Buibui akitembea juu ya plastiki anafunika eneo ambalo mtu angelifunika akiwa mbali, kwa hiyo ukubwa wake si hoja. Usiifunge jirani na taa inayowaka usiku, hasa mvua za kwanza kumbikumbi wanapotoka. Kama sensa ina mpangilio wa kuhesabu mapigo, yaani mara ngapi mkono uiname kabla haijaita, weka 2 badala ya 1.

Kigoma shida inakuja na sura nyingine. Kwenye stoo ya dagaa pale Kibirizi adui wa usingizi ni paka. Ziko sensa zinazouzwa kwa sifa ya kutojali wanyama, na hazidanganyi, ila zinafanya hivyo kwa kupuuza vitu vidogo vilivyo chini, karibu na sakafu. Paka akipanda rundo la magunia hadi mita 1.5 amesogea karibu na lenzi na ameingia eneo la kifua cha mtu. Hapo sensa haina namna ya kumtofautisha. Ama panga magunia nje ya uso wake, ama badilisha aina.

Aina hiyo nyingine ni ya teknolojia mbili kwenye boksi moja: infraredi pamoja na mawimbi ya mikrowevu, mara nyingi ya gigahezi 10.525. Hii ya pili kweli inapiga mawimbi, na husikiliza yanavyorudi. Kitu kinachosogea kwa mita 1 kwa sekunde hurudisha wimbi lililobadilika kwa hezi 70 hivi. Joto halihusiki kabisa. King'ora hulia pale tu pande zote mbili zinapokubaliana ndani ya sekunde chache. Pazia jepesi na doa la jua huhangaisha zaidi infraredi, panga boi linalozunguka huhangaisha mikrowevu. Bei yake ni kwamba anayeukwepa upande mmoja ameukwepa mfumo wote, na ule upofu wa nyuzi 34 haujaondoka. Isitoshe, mikrowevu hupenya mbao, jipsamu na kioo, ila hugonga bati na kurudi. Kwenye duka la mbao itawahesabu hata wanaopiga soga barazani, mpaka upunguze umbali inaofika.

Umeme nao una lake. Sensa inapowashwa huhitaji karibu dakika 1 mizani yake itulie, na ndani ya dakika hiyo inaweza kuita ovyo. Mfumo usio na betri huamka na king'ora kila umeme unaporudi. Betri ya volti 12 iliyochoka hufanya vilevile, kwa hiyo pima volti zake umeme ukiwa umekatika, siyo wakati chaja imeshika.

Jaribio la kutembea lifanyike alasiri, siyo asubuhi fundi anapokuwa na haraka ya kuondoka. Funga milango, zima feni, subiri dakika 2, kisha katiza chumba kwa mwendo wa kawaida, mara moja karibu na mara moja upande wa mbali kabisa. Kitaa chekundu kisipowaka kule mbali, zile mita 12 zilizoandikwa kwenye boksi hazipo kwenye chumba hicho saa hiyo, na sensa ya pili kwenye kona inayokabili itakugharimu kidogo kuliko kuipandisha ya kwanza ukali hadi mwisho.