Kamani Inayosaidia Si Kamani Inayofyatua

Mtu anapouliza ni kisu gani cha kukunja chenye msaada wa kamani kinachofaa kukaa mfukoni kila siku, mara nyingi hupewa karipio kabla ya kupewa jibu: kwamba visu vya namna hiyo ni "visu vya kufyatuka", kwamba vimepigwa marufuku, na kwamba mtu mwenye kazi halali ya kufungua maboksi na kukata kamba hana sababu ya kuwa navyo. Karipio hilo nimelisikia mara nyingi mno, na karibu kila mara aliyelitoa alikuwa amechanganya mitambo miwili ambayo inafanana machoni lakini haifanani hata kidogo ndani ya mpini.

Maana yenyewe ni fupi. Kisu cha kukunja chenye kamani saidizi ni kile ambacho mtumiaji huanza kulifungua bapa, yaani sehemu ya chuma yenye makali, kwa kidole chake mwenyewe, na bapa likishapita pembe fulani ndogo, kamani iliyofichwa ndani ya mpini hulipokea na kulimalizia safari mpaka komeo lilishike. Kazi ya mwanzo ni ya mkono na ya mwisho ni ya kamani. Maana hiyo ingetosha kama neno "kamani" lenyewe, au "springi" kama wengi wetu tunavyosema, lisingekuwa limewapotosha watu tangu mwanzo.

Neno kamani limetufikia kutoka Kiajemi, ambako *kaman* ni upinde. Si jambo la kushangaza kwamba jina la upinde liliishia kuitwa chuma kinachoendesha saa, kwa kuwa vyote viwili vinafanya jambo moja: vinapokea nguvu ya mkono, vinaitunza, kisha vinairudisha. Lakini upinde ukiwa umetundikwa ukutani haumtishi mtu. Lazima pawe na mvutaji, na lazima pawe na anayeachia, na swali la maana ni la nani amevuta, lini, na ni kitu gani kinachozuia mshale usiondoke. Swali hilo hilo ndilo la kuuliza juu ya kila kisu chenye kamani, na ndilo ambalo wanaokaripia hawaliulizi. Wao wakisikia kuna kamani, hukumu imeshatoka.

Hukumu hiyo ina kichekesho ndani yake. Kisu cha mfukoni cha kale kuliko vyote hivi, kile ambacho babu huvunjia kucha yake akijaribu kukifungua kwa kijishimo cha ubavuni mwa bapa, kina kamani ndefu iliyolala mgongoni mwa mpini kutoka mwanzo hadi mwisho. Kamani hiyo ndiyo inayolibana bapa lisifunguke ovyo, na bapa likishafunguliwa ndiyo hiyo hiyo inayolibana lisijifunge kwa urahisi. Kwa hiyo, kama "kisu cha springi" kingekuwa na maana ya kisu chenye springi ndani, basi jina hilo lingestahili kisu cha babu kabla ya kingine chochote. Kwa upande mwingine, kisu cha Opinel, ambacho Wafaransa wamekitengeneza tangu 1890, hakina kamani kabisa: bapa hushikwa na msuguano wa mti wa mpini, na tangu 1955 na pete ya chuma inayozungushwa kwa kidole. Kuwepo kwa kamani, basi, hakutuambii lolote juu ya namna kisu kinavyofunguka. Tunachotaka kujua ni kamani hiyo inasukuma upande gani wakati kisu kimefungwa.

Hapa ndipo kitenzi chetu "kufyatua" kinapotusaidia kuliko maneno ya Kiingereza ambayo ubishi huu umetoka kwayo. Waingereza walikiita kisu cha kufyatuka kwa jina la mchomoko wa ghafla, na Wamarekani kwa jina la swichi. Wote wawili walitazama kinachoonekana kwa nje, na ndiyo maana kisu chochote kinachofunguka upesi kikaangukia kwenye jina hilo. Kiswahili kinatazama ndani. Tunafyatua mtego, na tunafyatua bunduki. Katika yote mawili nguvu ilikwisha kuwekwa zamani, imekaa inasubiri, inasukuma kutaka kutoka, na kazi ya mkono ni kuondoa tu kizuizi. Panya hausaidii mtego kufunga, anagusa tu. Hivyo ndivyo kisu cha kufyatuka kilivyo: kikiwa kimefungwa, kamani inalisukuma bapa lifunguke saa zote, usiku na mchana, na kinacholizuia ni kitufe au kikwamizi kilichoko kwenye mpini. Bonyeza kitufe, kizuizi kiondoke, bapa litoke. Kidole hakijaligusa bapa wakati wowote.

Kisu chenye kamani saidizi ni kinyume chake. Kikiwa kimefungwa, kamani hailisukumi bapa lifunguke. Ama inalibana libaki ndani, ama inasaidiana na kitu kingine, kama gololi ndogo inayokaa kwenye kijishimo cha bapa, kulizuia lisitoke. Anayetaka kuelewa vizuri zaidi achukue kasha gumu la miwani, lile lenye bawaba inayojirudisha. Ukilifunua kidogo tu na kuliachia, linajifunga. Ukilifunua zaidi, linafika mahali ambapo, bila wewe kuongeza nguvu, linakubali na kujifunua lenyewe mpaka mwisho. Hakuna kitufe hapo. Kuna kilima kidogo, na mkono wako ndio uliolipandisha kasha mpaka kileleni. Katika visu vingi vya aina hii kilima hicho hutengenezwa kwa waya mnene wa chuma uliopinda, ambao ncha yake moja imeshikwa mpinini na ya pili imeingia kwenye bapa karibu na mhimili, yaani pini ambayo bapa huzungukia. Bapa likizunguka, ncha hiyo inahama kutoka upande mmoja wa mstari wa mhimili kwenda upande wa pili, na nguvu ile ile iliyokuwa ikifunga inageuka kuwa nguvu ya kufungua. Kamani haikubadilika, ila mahali inaposukumia ndipo palipohama.

Mtambo huu si wa kale. Ulianza kuenea katika miaka ya 1990, pale wabunifu wa Marekani Blackie Collins na Ken Onion, kila mmoja kwa njia yake, walipouingiza kwenye visu vya kawaida vya mfukoni. Mtambo wa Onion ukatumiwa na kampuni ya Kershaw kwa jina la SpeedSafe, jina ambalo linataja kasi na usalama kwa pamoja na ambalo, kwa mara moja nadra katika historia ya matangazo, linaeleza kitu kwa haki. Kasi inatoka kwenye nusu ya pili ya mzunguko, na usalama unatoka kwenye nusu ya kwanza.

Kuchanganya mitambo hii miwili si kosa la watu wa kawaida pekee. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1958 juu ya visu vya kufyatuka ilikitafsiri kisu hicho kuwa kile chenye bapa linalofunguka lenyewe kwa kubonyeza kitufe au kifaa kingine kilichoko mpinini, au kwa nguvu ya mwendo na uzito wa bapa. Maneno "kilichoko mpinini" ndiyo yaliyokuwa yakibeba tofauti yote. Mwaka 2009 idara ya forodha ya nchi hiyo ilipendekeza kufuta maamuzi yake ya awali na kuvihesabu visu vyenye kamani saidizi kuwa ni vya kufyatuka, na mwaka huo huo Bunge likaongeza kifungu kinachoviondoa waziwazi: kisu chenye mtambo unaolivuta bapa lijifunge, na ambacho ni lazima mkono uushinde mvuto huo ndipo kifunguke, si kisu cha kufyatuka. Sijawahi kuona maana iliyo safi zaidi ya hiyo, ingawa imeandikwa na wanasheria.

Uingereza ilienda njia nyingine, na uaminifu unanitaka niseme hivyo. Sheria yake ya 1959 ilihusu visu vya kitufe, lakini ile ya 2019 ilipanua maana mpaka ikakijumuisha kisu kinachojifungua kutoka hali ya kuwa wazi nusu hadi kuwa wazi kabisa, yaani kile kile cha kamani saidizi. Tena huko, kisu cha kukunja kinachoweza kubebwa hadharani bila kutoa sababu ni kile kisicho na komeo na chenye makali yasiyozidi inchi 3, ambazo ni sentimita 7.62. Kwa hiyo mtu anayesema "vyote vimepigwa marufuku" anaweza kuwa sahihi mahali aliposimama na bado akawa amekosea kuhusu mtambo. Hata hivyo, watunga sheria hao hawakusema mitambo hiyo ni mmoja. Walilazimika kuongeza maneno mapya kwa sababu maneno ya zamani hayakuwa yakitosha. Anayenunua aisome sheria ya mahali alipo kabla ya kutazama picha za visu.

Tofauti hii ina uzito kwa anayechagua, kwa sababu ubora wa kisu cha aina hii uko zaidi kwenye nusu ya kwanza ya mzunguko kuliko ile ya pili ambayo watu huisifia. Kishike kikiwa kimefungwa, ukitikise kwa nguvu, bapa likielekea chini: lisitoke hata kidogo. Kisha sukuma taratibu kichomozo cha kidole, kiwe kile cha ubavuni kwa ajili ya kidole gumba au kile cha mgongoni kwa ajili ya kidole cha shahada, na usikilize ni wapi kilima kinaisha. Kikiisha mapema mno, yaani bapa likiruka kwa kuguswa tu, basi mtengenezaji amekisogeza kisu karibu na mtego, na mfukoni kitakuwa mtego kweli. Baadhi ya visu vina kizuizi cha ziada cha kuteleza ambacho huishika ncha ya bapa. Kwa anayebeba kisu pamoja na funguo na simu, kizuizi hicho si urembo. Kama kibanio cha mfukoni kinaielekeza ncha juu, kisu kikae kikiegemea mshono wa nyuma wa mfuko, mgongo wa mpini ukiwa mbali nao, ili bapa likitaka kutoka likutane na mshono.

Kufunga ndiko kunakosahaulika. Kamani iliyokusaidia kufungua itakupinga unapofunga, na katika visu ambavyo komeo lake ni bamba la ndani ya mpini linalosukumwa pembeni kwa kidole gumba, kidole hicho kinakaa kwenye njia ya makali kwa muda mfupi. Jaribu kufunga mara kumi kabla ya kununua, polepole, kwa mkono utakaoutumia. Swali la chuma, ambalo watu hulijadili mpaka usiku wa manane, kwa matumizi ya kila siku nalipita haraka: chuma kisichoshika kutu kwa urahisi na unachoweza kukinoa mwenyewe kinatosha, na bapa la sentimita 7 au 8 linafanya karibu kila kazi ambayo bapa la 10 lingefanya. Zaidi ya hapo, kisu kizuri cha kukunja kisicho na msaada wowote, chenye mhimili wa gololi uliolainishwa vizuri, siku hizi hufunguka kwa kasi ile ile. Mimi mwenyewe ningemshauri anayeanza ajaribu hicho kwanza, kwa kuwa kamani ni kitu kimoja zaidi cha kuvunjika. Ingawa ni haki kuongeza kwamba kamani saidizi ikikatika, kisu kwa kawaida kinaendelea kufunguka kwa mkono kama kisu kingine chochote, ilhali kisu cha kitufe kikikosa kamani hakina tena namna yake ya kufunguka.

Limebaki neno moja, nalo linatumiwa na watu wanaojua zaidi kuliko wale wa karipio. Wao hawasemi "cha kufyatuka". Wanasema "nusu-otomatiki", wakidhani wamepata suluhu ya katikati. Otomatiki limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kinachojiendea chenyewe, kwa hiari yake. Kitu hakiwezi kujiendea chenyewe nusu ikiwa nusu ya kwanza, ile inayoamua kama kitu kitatokea au hakitatokea, ni ya mtu. Zaidi ya hayo, neno hilo limeazimwa kutoka kwenye bunduki, ambako lina maana yake maalumu isiyohusiana na visu, na msikilizaji anabaki akifikiria bunduki. Anayependa kuandika "nusu-otomatiki" nisingemwambia amekosa sana. Ningemwomba tu aandike "chenye kamani saidizi", kisha kwenye sentensi inayofuata aeleze kidole kinagusa wapi.