Mamasta wa kung fu wa zamani walijifunzia wapi, na walikuwa wanaishi kwa kazi gani

Kila wakija wanafunzi wapya kuna swali halikosekani, mwalimu eti wale mamasta wa zamani walikaa mlimani miaka mingapi? Na naelewa linakotoka, wengi wetu tumekulia vibanda vya video, dijei anatafsiri kwa mbwembwe, kijana kauliwa baba yake, anapanda mlimani anabebeshwa ndoo za maji, akishuka anachapa kijiji kizima. Sasa mimi nafundisha mitindo ya kusini, Wing Chun zaidi na Hung Gar kiasi, na muda mwingine wote nautumia kufuatilia historia za hawa wazee, na nnachowajibu siku zote ni kwamba wengi wao walikuwa watu wa mjini kabisa. Walikuwa na duka, wana kodi ya kulipa, wana mteja mlangoni anasubiri. Ukitaka kumuelewa masta uliza mambo matatu: alifundishwa na nani, alikuwa anajua nini kabla hajafundishwa, na hela ya kula alikuwa anaitoa wapi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Beijing. Kulikuwa na mzee anaitwa Dong Haichuan, ndo anahesabiwa chanzo cha bagua, ule mtindo wa kutembea duara, alikuwa mtumishi kwenye jumba la mwanamfalme Su na alifariki 1882. Wanafunzi wake wakubwa hawakuja mikono mitupu, walikuja tayari wanajua kitu, na yeye hakuwafuta walichokuja nacho, aliwajengea juu yake kama fundi anayepandisha ghorofa kwenye msingi aliokuta. Yin Fu alikuja na ngumi za Luohan, mtu wa kupiga. Cheng Tinghua alikuja akiwa mcheza mieleka, ile mieleka ya Kichina ya kushika nguo na kumtupa mtu, na kikazi alikuwa na duka la miwani hapo hapo Beijing, watu walikuwa wanamwita Cheng Miwani.

Sasa angalia mkono. Mtu wa tawi la Yin Fu akitembea duara kiganja chake kimebanwa, vidole vimeshikana vimenyooka mbele, wanakiita ulimi wa ng'ombe, kazi yake ni kuchoma, koo, mbavu, chini ya kwapa. Mtu wa Cheng vidole vimeachana, kiganja kimefunguka kama kucha za dragoni, kwa sababu huo mkono unatafuta pa kushika ili baadae ukuzungushe ukuangushe. Mwalimu mmoja, duara moja, mikono miwili tofauti, na leo kuna watu wanagombana mitandaoni bagua ipi ndo ya kweli wakati jibu liko wazi, mmoja alikuwa mpigaji na mwingine alikuwa mcheza mieleka kabla hata hawajamjua Dong. Cheng alikufa 1900, majeshi ya nje yalipoingia Beijing kwenye ile vurugu ya Mabondia, Wachina walioinuka dhidi ya wageni, inasimuliwa aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa Kijerumani. Wanaosema masta alikuwa anakwepa risasi wamsome huyu kwanza.

Twende kusini, Foshan, karibu na Guangzhou, huko ndo ukoo wangu wa Wing Chun unakopitia. Mstari unaanzia mbali zaidi, wanatajwa waigizaji wa opera waliokuwa wanasafiri kwa majahazi mekundu, lakini hizo ni simulizi na kila familia ina yake, mimi naanzia kwa Leung Jan maana huyu anashikika, daktari wa mitishamba, ana duka la dawa mjini, mtu wa heshima. Anafundisha watu wachache sana, karibu na familia. Halafu jirani yake sokoni kuna jamaa mkubwa wa mwili, Chan Wah-shun, kazi yake kubadilisha pesa, na yeye anataka sana kujifunza, inasimuliwa alikuwa anachungulia mazoezi mlangoni mpaka akakubaliwa. Huyu sasa ndo wa kwanza kwenye huo mstari kufundisha kwa ada, na ada yenyewe haikuwa ya mtu wa kawaida, ndo maana wanafunzi wake walikuwa wachache na wenye nazo. Mwanafunzi wa mwisho kumpokea, tayari mzee, alikuwa mtoto wa familia tajiri ya hapo hapo Foshan, Ip Man, aliyezaliwa 1893. Na Chan alikuwa anafundishia kwenye ukumbi wa mababu wa ukoo wa kina Ip, kwa hiyo huyu mtoto kung fu ilimfata nyumbani.

Chan, baba yake wa kung fu, alipofariki, kaka mkubwa kwenye darasa Ng Chung-sok akamuendeleza, halafu akapelekwa Hong Kong kusoma chuo cha St. Stephen's, shule ya Kiingereza hiyo, na huko ndo inaelezwa alikutana na mzee Leung Bik, mtoto wa kuzaliwa wa Leung Jan, akajifunza tena upya. Watu wa Wing Chun wanabishana sana juu ya hiki kipande cha Leung Bik na sitaki kuingia humo leo. Ninachotaka uone ni kwamba mpaka hapo Ip Man hajawahi kufundisha kwa ajili ya kula. Hakuhitaji. Akarudi Foshan, akafanya kazi polisi, akaishi maisha yake. Vita vya Wajapani vikala mali ya familia, Wakomunisti wakashika nchi, 1949 akakimbilia Hong Kong, na 1950 akiwa anakaribia miaka 60, mfukoni hana kitu, ndo akaanza kufundisha kwenye jengo la chama cha wafanyakazi wa mahoteli Kowloon. Wahudumu, wapishi, vijana waliochoka na kazi ya siku nzima. Kina Bruce Lee walikuja baadae kidogo miaka hiyo ya 50, kijana tu mpenda ugomvi wa mitaani.

Na hii ilibadilisha mafundisho yenyewe, hili watu hawalisemi vya kutosha. Ukimfundisha mtoto wa tajiri mmoja kwa miaka utaenda taratibu, utamsimamisha kwenye fomu ya kwanza, yaani ule mfululizo wa miondoko unaochezwa peke yako, mpaka miguu itetemeke. Mhudumu wa hoteli anakuja usiku kachoka na kesho anaweza asirudi, lazima aone kitu kinafanya kazi. Ndo maana ukoo wa Ip Man ukasimama sana kwenye chi sao, mikono miwili kwa miwili imegusana inazunguka, unahisi nguvu ya mwenzako inaelekea wapi kabla jicho halijaona. Yeye mwenyewe lakini inasimuliwa fomu ya kwanza, Siu Nim Tao, alikuwa anaicheza polepole mno, kile kipande cha mwanzo ambacho kiwiko kinasogea mbele kwenye mstari wa katikati ya kifua, kiko ngumi moja kutoka mwilini, bila bega kupanda. Jaribu sasa hivi ulipokaa. Nyoosha kiganja juu, sogeza kiwiko mbele kidogo kidogo kama vile unaogopa kuamsha mtoto, utaona bega linataka kuiba kazi. Wanafunzi wangu wengi hapo ndo wanaanza kuangalia saa.

Wong Fei-hung ndo mnamjua wengi, huyo filamu zake hazihesabiki, mwigizaji Kwan Tak-hing peke yake kamuigiza kwenye zaidi ya 70. Wa kweli alizaliwa 1847, baba yake Wong Kei-ying anatajwa kwenye wale Simbamarara Kumi wa Canton, ndo Guangzhou hiyo hiyo, na utotoni walikuwa wanazunguka yeye na baba yake wanacheza kung fu barabarani ili watu wajae halafu wanauza dawa. Kwa hiyo mazoezi yake ya mwanzo yalikuwa mbele ya watazamaji, na dawa na ngumi vilikwenda pamoja tangu siku ya kwanza, na alipokuwa mtu mzima akafungua kliniki, Po Chi Lam, pale Guangzhou, akitibu mifupa na majeraha. Hilo la tiba lisikushangaze, karibu kila masta wa kusini alikuwa anaunganisha mifupa, maana ukifundisha watu kugongana mikono kila siku kuna mtu ataumia, na ukishajua kumtibu mwanafunzi wako jirani nae ataleta mtoto wake aliyeanguka kwenye mti. Ada ya darasa ilikuwa ndogo na haitabiriki, wagonjwa hawaishi.

Mwanafunzi wake aliyeeneza Hung Gar kuliko wote ni Lam Sai-wing, muuza nyama ya nguruwe! Bucha kabisa, na jina la utani la nguruwe lilimganda. Ukiangalia fomu yake ya simbamarara na korongo unaona mtu mwenye mikono iliyozoea kunyanyua na kukata, japo hapo nakiri ni jicho langu tu. Na yeye hakujifungia, alitoa vitabu vya fomu zake na baadae akahamia Hong Kong. Ile fomu ngumu kuliko zote, waya wa chuma, inayochezwa kwa pumzi na sauti huku miguu karibu haitembei, na wengine wanavaa pete za chuma mikononi, haikutoka kwa baba yake Wong Fei-hung, ilitoka kwa masta mwingine, Tit Kiu Sam, ikapitia kwa mwanafunzi wake Lam Fuk-sing ndo ikamfikia Wong. Yaani hata yeye alikuwa anaokota kwa watu mbali mbali.

Kaskazini kulikuwa na ajira nyingine kubwa, kulinda misafara. Wafanyabiashara wanasafirisha fedha na mali, njiani kuna majambazi, kwa hiyo kulikuwa na makampuni ya walinzi na humo ndo walikuwa wanapikwa wapiganaji. Baba yake Huo Yuanjia alikuwa kwenye kazi hiyo. Huo mwenyewe alizaliwa 1868 kijijini karibu na Tianjin, mtoto mgonjwa mgonjwa, baba akakataa kumfundisha asije akaaibisha ukoo, akawa anaangalia kaka zake kwa kuibia na kurudia peke yake. Ila kazi ya misafara ilikuja kufa, reli, benki na bunduki viliimaliza, na mamasta wengi wakabaki na ujuzi ambao hauna mteja tena. Walienda wapi? Wakageuka walimu. Mwaka 1910 kule Shanghai likaanzishwa shirika la Jingwu kwa jina la Huo, yeye akafariki mwaka ule ule, lakini wenzake wakaendeleza, wakaita walimu wa mitindo tofauti wakae chini ya paa moja, wakaweka fomu 10 za msingi ambazo kila mwanafunzi lazima apite kabla ya kuchagua mtindo, wakapokea na wanawake. Kwa mtu aliyezoea mambo ya kupiga magoti, kumpa mwalimu chai na kuapa usiri, ile ilikuwa ni kituko. Binafsi naona bila Jingwu nusu ya mitindo tunayoicheza leo ingekufa na wenyewe.

Kwenye hiyo hiyo kaskazini usimpite Sun Lutang, kakulia umaskini, akajifunza xingyi, mtindo mwingine wa huko kaskazini, akamfikia masta wake Guo Yunshen, baadae akaenda Beijing kwa yule yule Cheng Miwani kuchukua bagua. Taiji, hii mnayoiita tai chi, aliipata akiwa tayari ana jina lake, alimuuguza mzee Hao Weizhen aliyeugua akiwa ugenini Beijing, na mzee alipopona akamlipa kwa kumfundisha. Mwaka 1915 akatoa kitabu cha xingyi kwa umma, wakati wengine bado wanafundisha usiku mlango umefungwa.

Na nimalizie na mtu ambae filamu zinampita, Mok Kwai-lan, mke wa mwisho wa Wong Fei-hung. Po Chi Lam iliungua kwenye machafuko ya 1924, mume akafariki 1925, huyu mama akahamia Hong Kong akafungua mahali pake pa kufundisha. Na hakujifunza kila kitu kwa mumewe kama watu wanavyodhani, aliolewa akiwa tayari anajua Mok Gar ya kwao, mtindo wa mateke. Alifundisha mpaka uzeeni, amefariki 1982, kwa hiyo kuna watu wazima leo waliosahihishwa mateke na yeye mwenyewe.