Buabua Wawili wa Kishungi na Maana ya Hadhi ya Uhifadhi

Maji yanapokupwa Msimbati, mkoani Mtwara, buabua, ndege wa baharini, husimama kwenye fungu la mchanga, wote wakiuelekeza mdomo upepo unakotoka. Yule mkubwa mwenye mdomo wa manjano, ambaye kishungi chake cheusi husimama kisogoni kama nywele zisizochanwa, ndiye Thalasseus bergii, na katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, amewekwa daraja la wasiotia wasiwasi.

Daraja hilo ndilo huitwa hadhi ya uhifadhi, yaani makadirio ya uwezekano wa spishi kutoweka duniani kote, wala si wingi wa ndege mtu anaowaona pwani ya kwao. Huangaliwa idadi ya ndege waliokomaa, kasi ya kupungua kwao na ukubwa wa eneo wanamoishi. Kwa mfano, spishi yenye wakomavu wasiofika 50 huhesabiwa kuwa hatarini sana kutoweka hata kama haipungui.

Katika daraja hilo la hatari yumo ndugu wa bergii huko China, Thalasseus bernsteini, ambaye asiyemzoea atamtambua kwa ncha nyeusi ya mdomo na mgongo uliopauka zaidi. Baada ya vielelezo vyake kukusanywa huko Shandong mwaka 1937 alidhaniwa kuwa ametoweka, mpaka mwaka 2000 alipokutwa akilea makinda katika visiwa vya Matsu, karibu na pwani ya China, katikati ya kundi la bergii.

Maisha yao hayapishani sana: wote hutaga chini, pasipo kiota cha maana, wakibanana kwa wingi, na kwa kawaida yai ni moja tu. Mwokota mayai huwadhuru wote wawili, lakini bergii ameenea kuanzia pwani za Afrika hadi Pasifiki, kwa hiyo kisiwa kimoja kikiharibiwa vingine vipo. Bernsteini hutegemea visiwa vichache mno, na tufani moja tu yaweza kufuta uzazi wa mwaka.

Mwaka 2013, katika visiwa vya Jiushan nchini China, watafiti walipanga buabua wa bandia na kupiga sauti za buabua zilizorekodiwa ili kuwavuta ndege. Bergii walitua kwa wingi, na bernsteini wakaja pamoja nao. Hata hivyo ujirani huo, ambao ndio kinga ya bernsteini, una kasoro moja: spishi hizi mbili huzaana, na kinda chotara hamwongezei bernsteini hesabu.