Jedwali la kijiji cha India: anzia kwa watoto

Nikikabidhiwa jedwali la sensa la kijiji chochote cha India, jumla ya watu huwa naiangalia baadaye. Kwanza natafuta watoto wa miaka 0 hadi 6: wavulana wangapi, wasichana wangapi.

Hesabu ya watu wazima huyumbishwa na safari za kutafuta riziki. Chukua wilaya ya Almora, milimani Uttarakhand. Sensa ya 2011 iliwakuta wanawake 1,139 kwa kila wanaume 1,000. (India huhesabu hivyo. Sisi tuliozoea majedwali ya Tanzania, wanaume kwa kila wanawake 100, inabidi tugeuze.) Usidhani mtoto wa kike Almora anapendelewa. Wanaume wameshuka mijini au wako jeshini, na wilaya yenyewe ilipungukiwa watu kati ya 2001 na 2011. Watoto hawaendi kutafuta vibarua, na kwao uwiano ni 922. Jimbo la Haryana ni 834, na katika wilaya yake ya Mahendragarh 775. Kwa maumbile, wavulana 1,000 huzaliwa na wasichana kama 950, kwa hiyo pengo hilo lina mkono wa mtu. Sheria ya 1994 inakataza kutumia vipimo kuchagua jinsia ya mtoto aliye tumboni, lakini ultrasaundi za chinichini hazikukoma.

Ila kijiji kimoja ni kidogo mno kukihukumu. Wavulana 60 na wasichana 48 ni uwiano wa 800. Ongeza wasichana sita tu, unafika 900. Nikiona mtu anakisifu au kukilaani kijiji kwa tarakimu kama hizo, nachoka. Mimi hujumlisha kwanza vijiji vya tehsil nzima, ambayo ni kama tarafa.

Halafu hicho “kijiji” chenyewe ni kipande cha ardhi chenye mipaka ya kodi. Viko zaidi ya 640,000, na takriban 43,000 havina mkazi hata mmoja. Vingine vina vitongoji kadhaa, na cha Wadalit (watu wa matabaka yaliyotengwa kama najisi) mara nyingi kiko pembeni, lakini jedwali linawachanganya wote. Litakuambia Wadalit ni wangapi, chini ya safu ya matabaka yaliyoorodheshwa kisheria (kitaifa ni asilimia 16.6), bila kusema kama kisima chao ni kilekile cha wengine. Matabaka mengine hayana safu kabisa: mara ya mwisho kuhesabiwa yote nchi nzima ilikuwa 1931, na serikali imeamua yarudi kwenye sensa ya 2027.

Kusoma na kuandika huhesabiwa kuanzia miaka 7, basi usigawanye kwa watu wote.

Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona, hivyo wale watoto wa 2011 leo ni vijana, wengine wameshafika umri wa kuoa. Haryana tangu zamani kuna wanaume wanaoletewa wake kutoka Bihar, Assam na Bengali Magharibi kwa kukosa wachumba kwao. Wanawake hao wataandikwa mahali walipoolewa. Uwiano wa watu wazima wa kijiji unaweza kupanda hivyo bila msichana mmoja zaidi kuzaliwa pale, na mtu atauona kwenye jedwali jipya na kuuita maendeleo.