Barafu, Mkate na Paja la Kuku: Kwa Nini Vilikuwa Anasa kwa Watoto wa Miaka ya 1980

Mtoto yeyote aliyewahi kunyonya barafu ya kwenye mfuko wa nailoni anajua kwamba rangi na utamu hutangulia, na kwamba mwishoni mkononi hubaki kipande cheupe kisicho na ladha yoyote. Utotoni mwangu, Morogoro mjini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tuliamini kwamba mama aliyetuuzia barafu alikuwa akitupunja sukari. Nilipokuja kusomea teknolojia ya chakula ndipo nilipoelewa kwamba tulimsingizia. Maji yanapoganda, chembe zake hujipanga kwa mpangilio usioacha nafasi ya sukari wala rangi, kwa hiyo sukari husukumwa pembeni na kujikusanya kama shira katika vijia vyembamba baina ya fuwele za barafu, yaani punje zake ngumu. Friji ya nyumbani hugandisha polepole, fuwele zake huwa kubwa, na vijia hivyo huwa vipana. Mtoto akinyonya huvuta shira yote na kuacha maji matupu yaliyoganda. Aiskrimu ya kiwandani haifanyi hivyo kwa sababu hukorogwa wakati inaganda, fuwele zake hubaki ndogo mno ulimi usizihisi, na sehemu kubwa ya ujazo wake, wakati mwingine karibu nusu, ni hewa.

Katika mtaa wetu nyumba zenye friji zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ingawa mkoa wetu ndio wenye kituo cha umeme wa maji cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha mwaka 1975. Kwa hiyo barafu ya ukwaju ilikuwa kitu cha kutembelea. Ulikwenda na sarafu yako mpaka mlangoni kwa watu, ukabisha hodi, ukasimama kwa adabu, na kama umeme ulikuwa umekatika jana yake ulirudi nyumbani na sarafu yako vilevile.

Wazazi wa rika langu huniuliza mara kwa mara, tena kwa masikitiko, kwa nini watoto wetu hawashangilii tena vitu vilivyotufanya sisi turuke kwa furaha. Wengi wameshajijibu kwamba watoto wamedekezwa. Mimi sikubaliani nao. Kila chakula kilichokuwa anasa kwetu kilikuwa na fundo mahali fulani katika njia yake ya kutufikia: penye sukari, penye unga, penye baridi, au penye chakula cha mifugo. Fundo lilipofunguliwa, anasa iligeuka kuwa chakula cha kawaida, na mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kukionea shauku kitu ambacho hajawahi kukikosa.

Fundo kubwa kuliko yote lilikuwa sukari, na hapa nitakaa kidogo. Morogoro ni mkoa wa miwa. Mashamba ya Kilombero na Mtibwa yote yako kwetu, na viwanda vyake vilikuwapo tayari nilipokuwa mtoto. Hata hivyo sukari ilikuwa bidhaa adimu, kama tulivyokuwa tukisema wakati huo, kwa sababu kiwanda hakiendeshwi kwa miwa peke yake. Kinahitaji vipuri, mafuta, matrekta na malori, na vyote hivyo vilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, vita vya Kagera vikapiganwa mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta duniani ikapanda kwa mara ya pili katika muda huohuo. Mwanzoni mwa mwaka 1983 serikali ilianzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, lakini rafu za duka la ushirika hazikujaa kwa sababu hiyo. Mama alikuwa akiamka alfajiri kwenda kupanga foleni, na aliyelazimika kuondoka kidogo aliweka jiwe mahali pake, na jiwe hilo liliheshimiwa kama mtu.

Sukari ilipopatikana, ilipimwa nyumbani kwa kijiko. Chai ya asubuhi ilipata sukari guru, ile inayotokana na maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakagandamana pamoja na molasi zake zote, ambayo iliipa chai rangi ya udongo na harufu ninayoikumbuka mpaka leo. Sukari nyeupe iliwekwa akiba, na siku chache kabla ya sikukuu ilitolewa kwa ajili ya kashata. Mama hakuwa na kipimajoto. Alichemsha sukari na maji kidogo, akisubiri povu libadilike kutoka viputo vikubwa vyenye haraka na kuwa viputo vidogo, vizito, vinavyopasuka kwa uvivu. Kisha alichukua tone moja kwa ncha ya mwiko na kulidondosha kwenye bakuli la maji baridi. Likitawanyika, bado. Likijikunja na kuwa kidonge laini kinachobonyezeka kati ya vidole, nazi iliyokunwa iliingia mara moja, pamoja na iliki. Leo maabara yangu ingesema kwamba shira hiyo imefika takriban nyuzi joto 115, na kwamba maji mengi yameshatoka kiasi kwamba ikipoa itashikana. Mama alifika palepale kwa macho na vidole, na sisi watoto tulikaa tumemzunguka tukisubiri kile kidonge cha majaribio, kwa sababu kwa desturi ya nyumbani kwetu kilikuwa cha mtoto mdogo kuliko wote.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje, na Rais Ali Hassan Mwinyi aliyeingia madarakani mwaka uliofuata akaendelea kufungua milango mpaka watu wakamwita Mzee Ruksa. Ninakumbuka jinsi pipi na biskuti zilivyoanza kupangwa kwenye meza za wachuuzi kando ya barabara, mchana kweupe, na jinsi tulivyosimama kuziangalia tu. Ndani ya miaka michache sukari ilikoma kuwa tukio. Mtoto anayepewa leo pakiti ya biskuti ili anyamaze ndani ya daladala hawezi kujua kwamba sukari iliyomo ingemtosha mama yangu kwa chai ya nyumba nzima.

Mkate ulikuwa na fundo lake. Ulikuwa zawadi ya safari; baba akirudi kutoka Dar es Salaam, kabla hata hajavua viatu, sisi tuliangalia mkoba wake kama una umbo la mstatili. Ulikuwa pia chakula cha mgonjwa. Ngano hulimwa kwetu katika nyanda za juu zenye baridi, kama Hanang na Njombe, lakini haijawahi kutosha, na sehemu kubwa ya tunayotumia hutoka nje. Fedha za kigeni zilipokosekana, unga wa ngano ulikosekana, na hamira pia, na mwokaji akafunga tanuri. Usagishaji wenyewe ulikuwa mikononi mwa Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo baadaye viwanda vyake vilichukuliwa na watu binafsi, na ngano ya nje ikaanza kuingia kwa meli bila kusita. Siku hizi mkate wa slesi unauzwa karibu kila kibanda, na una dawa ndogo ya kuzuia ukungu ambayo ule wa baba haukuwa nayo. (Jambo moja ambalo huulizwa sana: msiuweke mkate kwenye friji mkitumaini utabaki laini. Wanga wake hurudi kujipanga na kukakamaa haraka zaidi katika baridi ya friji kuliko mezani. Ukungu utachelewa, lakini ulaini utaondoka.)

Soda nitaieleza kwa ufupi, kwani fundo lake lilikuwa chupa. Chupa ya kioo ilikuwa mali ya kiwanda, nzito, na bila kuirudisha tupu hukupewa iliyojaa; ndiyo maana tulikunywa soda tumesimama dukani, mwenye duka akituangalia mikono. Chupa ya plastiki iliondoa deni hilo, ikaipeleka soda hadi vijiji ambavyo lori la kreti halikufika. Mimi niliinywa sikukuu na nilipougua. Nilipolazwa kwa malaria nikiwa na miaka 7, nililia kwa ajili ya sindano za klorokwini, lakini nilipomwona baba akiingia wodini na Fanta na nusu mkate, nilinyamaza, na nakumbuka waziwazi kwamba niliona fahari mbele ya watoto wa vitanda vya jirani. Soda ya kila siku naipinga bila kuficha, kwa watoto wangu na wa wengine, kwa sababu chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida inaweza kubeba gramu 50 za sukari au zaidi, na mwili wa mtoto hautofautishi sikukuu na Jumanne.

Tukija kwa kuku, tunakuta badiliko ambalo kwa maoni yangu limekuwa zuri kwa watoto kuliko mengine yote. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kati ya 40 na 60 kwa mwaka, hujitafutia chakula, na huchukua miezi 6 au zaidi kufikia uzito wa kuchinjwa. Katika hesabu hiyo, yai analokula mtoto ni kifaranga kilichopotea, na ndiyo maana mayai yaliachwa yaatamiwe na mtoto akaambiwa hadithi za kumtisha asiyaguse. Kuku aliyechinjwa alitosha watu 10, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe: firigisi ya baba, paja la mgeni, shingo na miguu kwa watoto. Kuku wa kisasa wa mayai hutaga zaidi ya 280 kwa mwaka, na wa nyama huwa tayari baada ya wiki 5 hadi 6, mradi apate chakula kilichochanganywa sawasawa na chanjo kwa wakati. Hapo fundo lilikuwa mahindi, mashudu na dagaa vya kumlisha kuku, pamoja na vifaranga vya kununua. Lilipolegea, yai likawa kitu cha kupeleka shuleni na chipsi kuku ikawa chakula cha kijana aliyechelewa kurudi nyumbani. Kwa mtoto anayekua, yai la kila siku ni jambo kubwa sana, na nafurahi kwamba halimshangazi.

Krismasi iliyopita tulikwenda kwa mama, na yeye, kwa upendo wote alionao, alichinja jogoo wake wa kienyeji. Wanangu walitafuna kidogo, wakatazamana, na mdogo akauliza kwa sauti ya chini kama kuku huyu ni mgonjwa. Nilimweleza kwamba jogoo huyo ameishi zaidi ya mwaka mmoja na ametembea kutwa nzima kila siku, kwa hiyo kano na nyuzi zinazoshika misuli yake zimekazana, na zinahitaji moto mdogo wa saa mbili au tatu ili zilainike kuwa mchuzi mzito wenye kunata midomoni. Kuku wa wiki 6 hajapata muda wa kuzikaza hivyo. Mama alisikiliza, akarudisha sufuria jikoni, akaongeza maji na tangawizi. Ilipofika saa kumi jioni alituita tena, akapakua, na firigisi akaiweka kwenye sahani ya yule mdogo.