Je, masharti makali ya moshi wa magari husafisha hewa ya dunia?

Hapa Malindi, gari "jipya" kwa kawaida ni gari ambalo limeshatumika Japani miaka sita au saba. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na wengi hununua lililokaribia mpaka huo kwa sababu ndilo nafuu. Ndiyo maana hoja hii husikika sana barazani: Wajapani na Wazungu wakikaza masharti, hewa yao husafika na uchafu hushushwa bandarini Mombasa, jumla ikabaki ileile.

Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, ila hesabu yake haitoki. Uchafu wa gari si shehena iliyofungwa ndani yake. Huzaliwa upya kila injini inapowaka, na kinachoamua utazaliwa kiasi gani ni mambo matatu: injini, mafuta, na kopo la chuma lililo katikati ya bomba la ekzosi, yaani kataliti. Gari lililoundwa kwa masharti makali huja na kopo hilo hadi Malindi. Likiwa zima, mtaa wetu nao hufaidika na sheria iliyopitishwa Tokyo.

Watu wengi hudhani kataliti ni chujio linalonasa masizi, kisha likijaa hutupwa. Haichuji kitu. Ukiikata utakuta kipande cha kauri chenye vitundu vyembamba vilivyonyooka, na kuta zake zimepakwa gramu chache tu za platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini haya hufanya kazi ya mshenga. Kaboni monoksidi ya sumu na oksijeni zingepishana ndani ya bomba zisioane. Mshenga huzishika zote mbili, huzikalisha jamvi moja, ndoa ikafungwa, na kinachotoka ni kaboni dioksidi. Petroli ambayo haikuungua hugeuka kaboni dioksidi na maji, na oksidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Mshenga mwenyewe hapungukiwi na kitu; huenda nyumba ya pili, na ya tatu, kwa miaka. Lakini akija mgeni asiyetaka kuoa wala kuondoka, akamng'ang'ania, kazi husimama. Madini ya risasi yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli ni mgeni wa aina hiyo, na salfa iliyo nyingi hufanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo pananivutia zaidi. Marekani ilipokaza masharti kwa magari ya mwaka 1975, watengenezaji walilazimika kuweka kataliti, na kataliti ikalazimisha petroli isiyo na risasi. Sharti la moshi likawa sharti la mafuta, nalo likasambaa. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, ikafuata mwaka 2021. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na leo mtoto anayecheza kando ya barabara ya Malindi haivuti tena kutoka kwenye ekzosi. Hiyo ni faida ya dunia nzima, na haikuhamishwa kutoka kwa mtu yeyote.

Huko masharti yalikokazwa, matokeo ni makubwa. Uchafu wa kawaida wa gari jipya la abiria Marekani umepungua kwa asilimia 98 hivi ukilinganishwa na wa gari la 1970. Masharti ya karatasini pekee hayatoshi, lakini. Mwaka 2015 Volkswagen ilibainika kuweka programu ya kudanganya vipimo katika magari takriban milioni 11 ya dizeli: safi kwenye maabara, machafu barabarani.

Na ile chembe ya ukweli? Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 hivi yakaja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi walikuta baadhi ya yale yanayoletwa kwetu yameshang'olewa kataliti, maana madini yake ni ghali. Mengine hung'olewa hukuhuku: kopo likiziba, fundi hulikata na kuchomelea bomba tupu. Gari hukimbia vizuri na halitoi moshi mweusi, mwenye gari akaridhika, kumbe kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Tena, "hewa ya dunia" si chungu kimoja. Chembechembe za moshi hukaa hewani siku au majuma, kwa hiyo anayezivuta ni jirani. Katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu, ambako punda ndio hubeba mizigo, sheria ya magari haigusi moshi mwingi wa pale, ule wa mkaa na kuni jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Kaboni dioksidi ndiyo huzunguka dunia nzima na kukaa karne kadhaa, nayo kataliti haiipunguzi hata kidogo. Hiyo hupungua tu gari likichoma mafuta machache zaidi.

Mwaka 2015 viwango vya Afrika Mashariki vilianza kutaka dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Mafuta ya kumtunza mshenga tunayo. Kilichobaki ni ukaguzi unaoinama chini ya gari kuangalia kama kopo bado lipo na lina kitu ndani.