Kutanuka kwa aota si lazima kupasuliwe mara moja

Imani ya kwamba kila anayegundulika na aneurisimu, yaani kutanuka kwa ukuta wa aota ambao ndio mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, hana budi kupasuliwa haraka, imedumu kwa miaka mingi, lakini haiendani na ushahidi uliopo.

Aota ya tumboni kwa kawaida ina upana wa takriban sentimita 2, na huhesabiwa kuwa imetanuka inapofikia sentimita 3. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998, uliowahusisha wagonjwa wenye aota za upana wa kati ya sentimita 4 na 5.5, ulionyesha kwamba waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya waliofuatiliwa kwa kipimo cha altrasaundi; karibu 6 kati ya kila 100 waliopasuliwa mapema walifariki ndani ya siku 30. Ndiyo maana kwa wanaume wengi upasuaji hufikiriwa upana unapofika sentimita 5.5, na kwa wanawake, ambao aota yao huweza kupasuka ikiwa ndogo zaidi, takriban 5. Aota inayotanuka kwa kasi au inayouma haisubiri kufikia upana huo.

Kufuatiliwa si kukaa bure. Kuacha sigara, jambo ambalo kwa maoni yangu husemwa kwa sauti ndogo mno, hupunguza kasi ya kutanuka, na shinikizo la damu hudhibitiwa kwa dawa. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, hasa yakifuatana na kuzirai, ni dharura ya kukimbizwa hospitali papo hapo.